Antibaiotiki bila cheti: wauzaji wabanwe au waachwe?

Wakuu, kisheria hapa Tanzania antibaiotiki ni dawa za cheti, ila nani kati yetu amewahi kuulizwa cheti dukani? Mimi nasema wabanwe, na sababu yangu ni mjomba.

Aliumwa jino. Akapewa kapsuli za antibaiotiki iitwayo klindamaisini kwenye bahasha ya kaki imeandikwa 1x4, basi. Siku ya 6 akaanza kuharisha maji yenye kamasi, hata mara 10 kwa siku. Akarudi palepale: "Hiyo taifodi." Akaongezewa sipro, antibaiotiki nyingine, na vidonge vya kufunga tumbo. Usiku ule homa ikapanda, tumbo likavimba kama ngoma. Hospitali walimpiga kamera ya utumbo, wakakuta madoa ya utando wa njano. Dawa iliua bakteria wazuri, kikabaki kidudu kiitwacho Clostridioides difficile kikijitanua na kumwaga sumu. Alipona kwa vankomaisini ya kunywa. Waliikoroga ile ya sindano, maana ukiichoma mshipani haifiki kule utumboni.

*Mchangiaji 1:* Pole kwa mjomba, mkuu, ila umemkamata asiyehusika. Hata daktari wa meno angeweza kumwandikia klindamaisini hiyohiyo. Na hao madaktari wenyewe, ukilalamika kiuno tu, UTI sugu, sindano tano! Sisi huku zahanati iko mbali, mtoto akibanwa na kifua usiku nimwambie muuzaji asiniuzie?

*Mchangiaji 2:* Mimi ni nesi. Kuharisha kwa antibaiotiki mara nyingi ni kwa kawaida tu, dozi ikiisha kunakata. Ukiona homa, damu au tumbo kujaa, kimbia hospitali, na vya kufunga tumbo usiguse. Kuharisha kwa kidudu hiki huweza kuanza hata wiki kadhaa baada ya dozi, ndiyo maana watu hawaunganishi. Halafu mnaouguza, vitakasa mikono haviui mbegu za kidudu hiki. Sabuni na maji tiririka.

*Mleta mada:* Nesi, ubarikiwe. Mchangiaji 1, nakupa nusu: siku ya kwanza cheti kisingemwokoa. Mimi nadai ile siku ya 6. Aliyesomea angeuliza, "Kabla ya kuharisha ulikuwa unameza nini?" Yule wa dukani aliuliza ana shilingi ngapi.

*Mchangiaji 1:* Na hospitali swali la kwanza ni bima au keshi.