Neno "charge": lini ni malipo, lini ni shtaka, lini ni dhamana?

Mfasiri Mwongozo aliuliza:

Wakuu, salaam. Natafsiri mwongozo wa wageni kutoka Afrika Mashariki wanaohamia Marekani, na "charge" imejaa kila sura. Mtu "was charged with theft", mwingine "was charged 35 dollars" benki. Kuna muuguzi aliye "in charge of" watoto, na watoto walio "in the charge of" muuguzi. Kuna huduma "free of charge", kuna deni lenye "charge-off", kisha sura ya uhamiaji inataja "public charge". Kamusi inanipa toza, shtaki, shambulia na chaji, haisemi lini nitumie lipi. Mnatambuaje maana kabla ya kuchagua neno? Na maneno ya Kiingereza yanayokaribiana nalo yanatofautianaje?

Kalamu ya Pwani alijibu:

Ndugu, anza na asili, itakuokoa mara nyingi. Neno limetoka kwenye Kilatini cha baadaye, carricare, yaani kupakia gari la mizigo, likapitia Kifaransa cha kale. Maana karibu zote zimebaki na mzigo ndani yake: anayetozwa amebebeshwa gharama, anayeshtakiwa amebebeshwa tuhuma, msimamizi amebebeshwa jukumu. Bunduki ilishindiliwa baruti, na betri hujazwa umeme.

Kisha tazama kinachofuata kitenzi. Kikifuatwa moja kwa moja na kiasi cha fedha, ni kutoza. Kikifuatwa na "for", ni kutoza kwa ajili ya huduma fulani. "Charge it to my room" ni kuweka gharama kwenye hesabu ya chumba. "Charge at" ni kumvamia mtu au kitu.

Penye "with" ndipo wengi huanguka. Likifuata jina la kosa, ni kushtaki: "charged with theft", ameshtakiwa kwa wizi. Likifuata jukumu, ni kukabidhi. "The commission is charged with investigating corruption" maana yake tume imepewa jukumu la kuchunguza rushwa. Anayeandika kwamba tume imeshtakiwa kwa kuchunguza rushwa ameigeuza habari nzima kichwa chini miguu juu.

Na hiyo "the" ndogo katika mifano yako usiiruke. "In charge of" ni anayesimamia, "in the charge of" ni anayesimamiwa. Muuguzi ndiye mwenye dhamana. Watoto wako chini ya uangalizi wake. "Her charges", kwa wingi, inaweza kuwa watoto hao hao anaowalea, si mashtaka yake wala bei zake. Tazama sentensi inayofuata: kama inawalisha au kuwalaza, ni watu.

Wakili wa Zamu alijibu:

Upande wa sheria usichanganye ngazi. "Accuse" ni kutuhumu, na mtu yeyote anaweza kumtuhumu mwenzake. "Charge" ni hatua rasmi ya vyombo vya dola: hapo mtuhumiwa anakuwa mshtakiwa. "Arraign" ni kumfikisha mahakamani asomewe mashtaka na aulizwe kama anakiri au anakana. "Convict" ni kumtia hatiani. "Sue" ni kufungua kesi ya madai, na huko tuna mdai na mdaiwa, hatuna mshtakiwa.

"Indict" ni jamaa wa karibu wa "charge" lakini lina utaratibu wake. Katika makosa makubwa ya shirikisho nchini Marekani, hati ya mashtaka hupitishwa na baraza la raia 16 hadi 23 ("grand jury"), na lazima angalau 12 wakubaliane. Ukiandika tu "ameshtakiwa" hujakosea, ila kama mwongozo unaeleza hatua za kesi, litaje hilo baraza.

"Press charges" ni kutaka mtu ashtakiwe. Mlalamikaji husema hivyo, lakini mwenye uamuzi ni mwendesha mashtaka. "Charges dropped" ni upande wa mashtaka kuyaondoa. "Charges dismissed" ni mahakama kuyafuta. Lolote kati ya hayo si sawa na "acquitted", yaani kuonekana hana hatia baada ya kesi kusikilizwa. Mashtaka yaliyoondolewa mara nyingi yanaweza kurudishwa. "Trumped-up charges" tunalo neno safi kabisa: kesi ya kubambikiwa.

Nasisitiza hili kwa sababu wasomaji wako wataumia: fomu za uhamiaji huuliza kando kando kama mtu amewahi kukamatwa, kushtakiwa au kutiwa hatiani. Ukitafsiri "charged" kuwa "kuhukumiwa", aliyeshtakiwa kisha kesi ikafutwa atajaza "hapana". Ataonekana amedanganya, na jibu la uongo linaweza kumletea matatizo makubwa kuliko kesi yenyewe.

Mhasibu Mtulivu alijibu:

Kwa fedha, "charge" ni neno pana, na Kiswahili kinataka umaalumu. "Fee" ni ada: ya shule, ya mahakama, ya maombi. "Fare" ni nauli. "Toll" ni tozo ya barabara au daraja. "Duty" ni ushuru wa forodha. "Fine" ni faini. "Rate" ni kiwango. "Price" ni bei anayotaja muuzaji, "cost" ni gharama inayomwangukia mtu. "Bank charges" zinazopunguzwa kwenye akaunti ziite makato, kama watu wanavyosema kuhusu miamala ya simu. Ukiandika "malipo ya benki" msomaji atadhani benki ndiyo inamlipa. "Free of charge" ni bure, basi.

Sasa "charge-off". Tafadhali usiandike "deni lililofutwa". Kwa kadi za mkopo za Marekani, deni lisipolipwa kwa siku 180 hivi, mkopeshaji huliandika kwenye vitabu vyake kama hasara. Hiyo ni hesabu yake ya ndani. Mdaiwa bado anadaiwa, deni linaweza kuuzwa kwa wakusanya madeni, na doa hukaa kwenye rekodi ya mikopo hadi miaka 7. Andika: deni lililohesabiwa kuwa hasara, lakini bado linadaiwa. Ni refu, ila linamlinda msomaji.

"Finance charge" nayo si riba peke yake. Inaingiza pia ada zinazotokana na mkopo. Na kwa anayetafsiri nyaraka za ardhi za Kenya: "charge" katika Sheria ya Ardhi ya 2012 ni rehani, kile ambacho Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inakiita "mortgage".

Fundi Chaji alijibu:

Nyongeza fupi. Kuchaji simu kunaeleweka, lakini kwenye fizikia chaji ni kiasi cha umeme, kipimo chake kulombi. Betri iliyoandikwa 5,000 mAh hubeba kulombi 18,000. Katika mpira, "charging" ni kumkumba mpinzani. Ikifanywa kwa uzembe ni faulo ya pigo huru la moja kwa moja. Kwenye ubalozi, "chargé d'affaires" ni kaimu balozi.

Mfasiri Mwongozo aliuliza tena:

Asanteni sana wakuu. Imebaki "public charge". Nilikuwa nimeandika "shtaka la umma".

Wakili wa Zamu alijibu:

Hilo liondoe leo hii, litatisha watu bure. Limo katika sheria ya uhamiaji ya Marekani tangu 1882, na hapa "charge" ni mzigo wenyewe: mtu anayetazamiwa kuitegemea serikali kwa riziki yake. Andika "mtu tegemezi kwa serikali", na mara ya kwanza uache neno la Kiingereza kando yake, maana ndivyo atakavyolikuta kwenye fomu. Ongeza pia sentensi moja kwamba wakimbizi na waliopewa hifadhi hawapimwi kwa kigezo hicho wanapoomba ukaazi wa kudumu kwa hadhi hiyo. Wasomaji wengi wenye asili ya Kongo na Burundi wamefika kwa njia hiyo.