Upotevu wa paketi kwenye VM (seva pepe): programu ya kulipia, sFlow, au SmokePing na Zabbix?

KaziYaRaki
Wakuu, habari za asubuhi. Bosi amenipa mpaka Ijumaa nimpelekee pendekezo la chombo cha kufuatilia upotevu wa paketi (vipande vya data visivyofika) kwenye seva zetu. Watumiaji wanalia kwamba mfumo unakwama, na simu za ofisini zinakatika sauti katikati ya mazungumzo. Nimebaki na tatu: programu ya kulipia ambayo mwuzaji alikuja kutuonyesha (dashibodi yake ni safi ajabu), au sFlow (sampuli za trafiki) kutoka kwenye swichi pepe nikusanye na kitu cha bure, au SmokePing (inapima kwa ping kama mashine zinajibu) pamoja na Zabbix (inayosoma kaunta za mashine). Bajeti ni laki tatu na ushee. Nichukue ipi? Naomba aliyezitumia kweli, si aliyesoma brosha.

Nyaya_na_Nodi
Hujasema haipavaiza, ile programu inayoendesha VM, ni ipi. Hujasema hosti (mashine halisi) ngapi, wala kadi za mtandao ni za gigabiti moja au kumi. Na hizo paketi unajuaje zinapotea? Umepiga ping? Kutoka wapi kwenda wapi? "Mfumo unakwama" inaweza kuwa diski tu.

dada_wa_NOC
Na hiyo laki tatu ni ya mara moja au ya kila mwaka? Leseni nyingi za aina hiyo unalipa kila mwaka. Bosi analijua hilo?

BabaSwichi
SmokePing. Uzi ufungwe.

Ngara_IT
Mimi ningeanza nje kabla ya kuingia ndani. Piga mtr (inaonyesha upotevu kwa kila hatua ya njia) kwenda kwenye anwani yoyote ya ng'ambo, uache ikimbie. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, ofisini kwetu kila mtu aliapa kwamba seva ndizo mbovu. Tulibadilisha hadi nyaya. Kumbe shida iko baharini.

dada_wa_NOC
@Ngara_IT simu za ndani ya ofisi zinaendaje baharini? Amesema simu za ofisini.

Ngara_IT
Hajasema PBX (mtambo wa simu) iko wapi. Ikiwa klaudi je?

BabaSwichi
Ndiyo maana nikasema SmokePing. Inatuma ping 20 kila dakika tano, inakuchorea moshi, unaona siku nzima kwa jicho moja. Aliyeiandika ni Tobi Oetiker, yule yule wa MRTG na RRDtool, zana za grafu za mtandao, hakuwa mtu wa kubahatisha. Bure. Ukishaiweka unaisahau, na siku ya lawama unafungua grafu unamwonyesha mtu.

Nyaya_na_Nodi
Ping 20 kila dakika tano ni nzuri kwa laini ya kwenda nje. Sauti ya simu kwa G.711 (mfumo wa kusimba sauti) inatuma paketi moja kila milisekunde 20, yaani 50 kwa sekunde kila upande. Foleni ikijaa kwa nusu sekunde mtu anasikia neno limekatwa, na SmokePing yako ilikuwa imelala. Kutegemea wastani wa dakika tano ni kama kumuuliza mlinzi asubuhi kama usiku mwizi alipita: atakwambia kulikuwa shwari.

BabaSwichi
Ikipotea mara kwa mara itaonekana tu. Mnapenda kufanya mambo magumu.

KaziYaRaki
Samahani, nilikuwa site. Haipavaiza ni Proxmox, hosti tatu, kila moja ina kadi mbili za gigabiti moja. Daraja (swichi pepe ya hosti) ni la kawaida la Linux. PBX iko humu humu Westlands kama VM, na hifadhidata ni VM nyingine. Tawi la Mombasa Road linaingia kwa VPN. Simu zinakatika hata kwa walio hapa hapa ghorofa ya pili, kwa hiyo si bahari.

Nyaya_na_Nodi
Hapo sasa. Basi chaguo lako la pili limeshapungua nguvu. sFlow ya swichi pepe kwa kawaida watu wanaipata kwa Open vSwitch (OVS), ambayo inatoa sFlow, NetFlow na IPFIX yenyewe. Daraja la kawaida la Linux halina hiyo. Ama uhamie OVS, ama uweke hsflowd (ajenti wa sFlow) kwenye kila hosti. Na hata ukiipata, sFlow inachukua sampuli, moja kati ya nyingi. Itakuonyesha nani anajaza laini, na hapo ni tamu kweli, lakini paketi iliyodondoshwa kwenye foleni haipiti kwenye sampuli ya kawaida. Haihesabiwi.

paketi_moja
hsflowd ina moduli ya dropmon, inaripoti paketi ambazo keneli (kiini cha Linux) imezidondosha. Lakini kama tumefika kwenye keneli, kwa nini asiende moja kwa moja kwa eBPF (programu ndogo zinazochunguza ndani ya keneli)? Kuna pwru ya watu wa Cilium: unampa kichujio kama cha tcpdump, anakufuatia paketi moja kutoka kitendaji kimoja cha keneli hadi kingine mpaka pale inapouawa. Na kuanzia keneli 5.17 midondoko ilianza kuja na sababu zake. Hakuna dashibodi itakayokupa hilo.

BabaSwichi
Haya, wamekuja watu wa eBPF.

dada_wa_NOC
pwru ni ya kuwinda tatizo ukiwa umeketi hapo. Yeye anataka cha kukaa mwaka mzima kikimwangalilia. Ni mambo mawili tofauti, na nadhani bosi wake pia ameyachanganya.

Lakini kabla hajanunua hicho cha kulipia wacha nimwambie kilichotupata. Sitataja kampuni, wala programu. Tulikuwa na hosti chache, kadi za gigabiti moja kama zake. Malalamiko yalikuwa madogo tu, ripoti za mwisho wa mwezi zinachelewa. Mwuzaji akaja na VM yake ya uchunguzi, akataka tumpe nakala ya trafiki ya kila VM kwa kuakisi milango ya swichi pepe. Tukampa. Ile VM ya uchunguzi ilikaa kwenye hosti moja, wengine wote wako hosti nyingine, kwa hiyo kila paketi iliyopita sasa ilikuwa na pacha wake, na pacha anapita kwenye kadi ile ile kwenda kuchunguzwa.

Wiki hiyo hiyo dashibodi ikaanza kuwaka nyekundu. Mwuzaji alifurahi kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. "Mnaona? Shida ilikuwepo, hamkuwa mnaiona." Mkutano ukaitwa. Tukaambiwa tunahitaji leseni ya ngazi ya juu ili tuone chanzo. Ikanunuliwa. Nayo ikaongeza vituo vya kunakili, rangi ikazidi kukolea, na sasa hata simu ambazo hazikuwa na neno zikaanza kukwaruza. Kila upotevu ulipoongezeka, ndivyo uongozi ulivyozidi kuamini kwamba chombo kinafanya kazi.

Aliyetuokoa ni kijana wa atachimenti. Kumbukumbu ilikuwa imebana kwenye hosti moja, akazima VM ya uchunguzi jioni kwa sababu ndiyo iliyokuwa inakula nyingi. Asubuhi simu zote safi. Ilichukua muda mrefu kumshawishi yeyote pale juu kwamba tulikuwa tunalipia kutengenezewa ugonjwa. Leseni ilibaki mpaka ikaisha muda.

Kwa hiyo @KaziYaRaki muulize mwuzaji wako swali moja tu: data unaipata kwa kunakili trafiki, kwa sampuli, au kwa kusoma kaunta? Akijibu kwa kufungua slaidi, ondoka.

Ngara_IT
Pole sana dada. Ila kosa ni la kuakisi, si la programu za kulipia. Kuna zinazosoma kaunta tu.

dada_wa_NOC
Zipo. Ndiyo nikasema aulize.

Mzee_wa_Upper_Hill
Kijana, kabla ya yote ingia kwenye hosti ya PBX uandike ip -s link show, utafute tap (mlango pepe) ya VM hiyo. Soma upande wa TX (kutuma), safu ya zilizodondoshwa. Watu wengi wanageuza hapa: TX ya tap kwa hosti ndiyo kile VM inachopaswa kupokea. Ikipanda, VM haichukui paketi zake kwa wakati. Halafu ndani ya VM fungua top uangalie ile st. Ikiwa na namba ya kueleweka, ujue CPU yake inaibwa na majirani.

KaziYaRaki
Asante mzee. Nimepata hii: tap112i0, TX paketi 9,120,447, zilizodondoshwa 48,213. Ndani ya VM yenyewe kadi inaonyesha sifuri. Inawezekanaje VM iseme sifuri?

Mzee_wa_Upper_Hill
Kwa sababu hazikufika. VM haiwezi kuhesabu kitu ambacho haikukiona. Ndiyo shida ya mitandao pepe: kila tabaka lina daftari lake, na paketi ikifia kati ya tabaka mbili, mmoja tu ndiye anayeandika, mara nyingi yule ambaye hakuna anayemwangalia. Programu nyingi zinaweka ajenti ndani ya VM halafu zinakwambia mambo ni sawa.

BabaSwichi
48,213 kwa milioni tisa ni kama nusu asilimia. Hiyo si kitu.

paketi_moja
Si kitu kwa nani? Zikifia pamoja ndani ya sekunde chache hizo ni simu nzima zimeharibika. Na kwa TCP ya umbali mrefu hata asilimia moja inaua. Kuna hesabu ya Mathis na wenzake ya 1997: kasi inakwenda na ukubwa wa segmenti ukigawanya kwa muda wa kwenda na kurudi na kipeuo cha pili cha upotevu. Weka baiti 1460, milisekunde 150, upotevu wa 1%. Unabaki na chini ya megabiti moja kwa muunganisho mmoja, hata ukiwa umelipia laini ya megabiti mia.

BabaSwichi
Hiyo ni ya TCP za kale. Siku hizi kuna BBR, njia nyingine ya TCP ya kudhibiti kasi.

paketi_moja
Linux yako inakuja na CUBIC mpaka uibadilishe mwenyewe. Umeibadilisha?

BabaSwichi
Turudi kwenye mada.

Nyaya_na_Nodi
@KaziYaRaki hiyo namba ni jumla tangu VM iwashwe. Peke yake haisemi kitu. Iandike kila dakika, upate tofauti, ulinganishe na saa za malalamiko. Zabbix itakufanyia hilo bila shida, ajenti iwe kwenye HOSTI, isome kila tap. Kwa hiyo mimi kura yangu ni Zabbix, SmokePing iwe ya VPN ya Mombasa Road peke yake. PBX ina CPU ngapi?

KaziYaRaki
Moja. Ile st inacheza kati ya 8 na 15 mchana. Nimeanza kuandika tofauti kwa skripti ndogo. Inaruka saa saba mchana, halafu pia inaruka ovyo ovyo saa nyingine.

dada_wa_NOC
Saa saba kuna nini? Bakapu?

KaziYaRaki
Ndiyo, bakapu ya mchana kwenda NAS (hifadhi ya mtandaoni). Inapita kwenye daraja hilo hilo.

Mzee_wa_Upper_Hill
Itenganishe, kadi ya pili iwe ya bakapu peke yake. Uipe PBX CPU mbili, uwashe Multiqueue (foleni nyingi za kadi) ziwe mbili. Foleni ya kupokea ya virtio (kadi pepe ya VM) ni 256 kwa kawaida, inaweza kufika 1024, lakini usianze na hiyo. Foleni ndefu inaficha CPU iliyochoka.

Ngara_IT
Hizo ruka za ovyo bado hazijaelezwa. Na VPN je? Kama amewasha VXLAN (mtandao pepe juu ya mtandao) kati ya hosti, ile inaongeza baiti 50 juu ya kila paketi, na kama MTU (ukubwa wa juu wa paketi) ya nje ni 1500, ya ndani lazima ishuke 1450.

KaziYaRaki
Hakuna VXLAN. VPN sijaangalia.

bit_ya_mwisho
Nimesoma uzi mzima. Sisi tuko VMware, hapo esxtop ukibonyeza n unaona %DRPRX na %DRPTX (asilimia ya zilizodondoshwa, kupokea na kutuma) kwa kila VM moja kwa moja, na pktcap-uw inakamata hata zilizodondoshwa. Mnateseka bure na Proxmox.

Mzee_wa_Upper_Hill
Na leseni mnalipa ngapi siku hizi?

bit_ya_mwisho
Hapo sina la kusema mzee. Tangu Broadcom wainunue Novemba 2023 na kufuta leseni za kudumu, bosi wetu ananiuliza kila wiki hiyo Proxmox ni nini.

dada_wa_NOC
Karibu sana. Njoo na kadi za gigabiti kumi.

BabaSwichi
Na SmokePing.

KaziYaRaki
Nimetenganisha bakapu jana jioni, ya leo saa saba haikuruka. Zile nyingine bado zipo, chache. Nilimpigia mwuzaji nikamuuliza swali la @dada_wa_NOC, amesema atanitumia "timu ya ufundi" Alhamisi. Bosi bado anaipenda dashibodi, anasema Zabbix inaonekana kama ya hospitali ya zamani.

dada_wa_NOC
Mwekee Grafana (dashibodi) juu yake, atanyamaza.

paketi_moja
Niko tayari kukusaidia kuendesha pwru kwa hizo ruka za ovyo. Toleo la keneli ni lipi?

bit_ya_mwisho
Samahani kuingilia uzi wa mtu. Kadi za gigabiti kumi zilizotumika mnanunua wapi, Luthuli Avenue zipo au ni mpaka kuagiza? Na kwa Proxmox ni draiva ipi haisumbui?