Afande wa kaunta ameniuliza nilikuwa upande gani wa barabara nilipoporwa!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka kituoni sasa hivi, hata viatu sijavua. Yule afande wa kaunta mnamjua, msijifanye hamumjui. Kila aliyewahi kufuata RB pale, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, ameshaonja ulimi wake.

Nimeporwa simu katikati ya zebra saa moja jioni. Jamaa wawili kwenye pikipiki, wamenyakua, wametokomea. Nimefika kituoni jasho linanitiririka. Afande hajainua uso. Akavuta kalamu yake iliyofungwa kamba kama mbuzi, akafungua kitabu, akaandika tarehe. Moyo ukatulia. Halafu: "Ulikuwa upande gani wa barabara?"

Nikamwambia katikati. AKAFUNGA KITABU!

Eti barabara ile ndiyo mpaka. Upande huu wao, ng'ambo ni kituo kingine, wilaya nyingine ya kipolisi, mkuu mwingine. Nikaenda ng'ambo. Kule wakaniuliza mwizi alikimbilia wapi, nikasema huko nilikotoka, wakanirudisha. Nimevuka mpaka mistari ya zebra inanijua kwa jina. Narudi, kitabu bado kimefungwa, kiwiko cha afande kiko juu yake.

Jiji kubwa lazima ligawanywe, naelewa, bila hivyo hujui doria ya wapi ni ya nani. Lakini kuandika mistari mitatu kisha kuwaita wenzako wa ng'ambo kunahitaji ramani? Redio ya upepo ilikuwa pale pale mezani inakoroma! Kitabu kilishaandikwa tarehe ya leo, wakuu. Akakifunga.

Kisiki Kikavu: Mbona hujajibu swali la afande? Upande gani?

Mleta mada: KATIKATI! Nimeshasema!

Mama Wawili: Pole sana kaka yangu. Mimi kitabu kilifunguliwa, RB nikapewa, jalada likafunguliwa. Huu mwezi wa nane tangu lifunguliwe. Mpelelezi wa kwanza kahamishwa, wa pili yuko kozi, wa tatu ananiuliza mimi jalada liko wapi. Kaunta wanasema hilo ni la upelelezi, upelelezi wanasema nianzie kaunta.

Mleta mada: Pole dada, ila wewe kilifunguliwa. Mimi kimefungwa mbele ya macho yangu!

Mzee wa Ramani: Vijana, haya ni ya miji mikubwa mingi. London ina Metropolitan Police tangu 1829, lakini City of London pale katikati, eneo la kama maili moja ya mraba, ina polisi wake tangu 1839, na reli zina polisi wao. New York hadi 1995 kulikuwa na polisi wa jiji, polisi wa treni za chini ya ardhi na polisi wa nyumba za umma, kila jeshi na mkuu wake. Mwaka huo ndipo wakaunganishwa. Wewe umeonewa zaidi, maana vituo vyako vyote viwili ni jeshi moja.

Kisiki Kikavu: Kwa hiyo angeporwa New York 1994 mlangoni mwa treni, mguu mmoja ndani mmoja nje, angezeekea pale stesheni.

Dereva Mstaarabu: Mnalia na kaunta, mimi nalia na trafiki. Jana nimesimamishwa mara tatu barabara moja. Wa tatu namwonyesha karatasi ya wa kwanza, anasema huyo si wa kikosi chetu. Sare ile ile, kofia ile ile!

Mama Wawili: Kosa lilikuwa nini?

Dereva Mstaarabu: Taa.

Kisiki Kikavu: Ilikuwa inawaka?

Dereva Mstaarabu: Moja ilikuwa inawaka.

Mleta mada: Wakuu, turudi kwa aliyefunga kitabu.

Mzee wa Ramani: Taa moja usiku anayekuja mbele anadhani ni pikipiki. Trafiki yuko sahihi.

Dereva Mstaarabu: Ilikuwa ya nyuma mzee wangu, ya NYUMA.

Mama Wawili: Ya nyuma ndiyo mbaya zaidi. Shemeji yangu alivaa lori kwa sababu hiyo hiyo, mpaka leo anatembelea gongo.

Dereva Mstaarabu: Pole yake, lakini mara tatu? Barabara moja?

Kisiki Kikavu: Fungua uzi wako.

Dereva Mstaarabu: Naufungua sasa hivi.