Saratani ya titi kwetu: nikapime jeni?

Binti wa Jinja: Shikamooni wakubwa. Mama alifariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka 41. Bado naiona leso aliyojifunga kifuani kuficha kidonda. Sasa mama mdogo naye amekutwa nayo, ana 38. Mimi nina 29 na mabinti wawili. Nyumbani wanasema tumerogwa. Nikapime jeni?

Nesi Mstaafu: Pole sana mwanangu. Hamjarogwa. Mwaka 1990 Mary-Claire King, mtafiti wa Marekani, alionyesha kuwa katika baadhi ya koo saratani hii hufuata jeni, yaani kibeba urithi, iliyo kwenye kromosomu ya 17 (mojawapo ya nyuzi za mwilini zinazobeba jeni), ile tunayoiita BRCA1. Mzazi akiwa na hitilafu kwenye jeni hiyo, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi, wa kiume pia. Ila aanze kupimwa mama mdogo, si wewe. Ikionekana kwake, kwako watatafuta hiyohiyo. Asipopimwa, hata ukiambiwa huna kitu, jibu hilo halitoshi kukutuliza. Anatibiwa wapi? Kama ni Taasisi ya Saratani pale Mulago, Kampala, amuulize daktari wake. Na kabla ya kutoa damu, ombeni ushauri nasaha.

Baba Wawili, Mbale: Dada, mimi ninayo hitilafu hiyo ya jeni. Chora ukoo kwenye daftari: nani aliugua, ugonjwa gani, umri gani. Upande wa baba usiuruke, kwangu ilitoka huko.

Binti wa Jinja: Asanteni. Jumamosi naenda kwa bibi na daftari, yeye ndiye anayewakumbuka wote.