Nimechoka: programu nilikoda kujifurahisha imegeuka kibarua bila mshahara

Wadau habari za usiku. Admini kama uzi huu si wa hapa hamisha lakini usifute, naandika na simu gizani, stima imepotea tangu saa moja na laptopu imebaki na asilimia 9 ambayo naitunza kwa dharura, dharura yenyewe nitafika.

Mimi nakoda usiku kwa sababu napenda. Basi. Mchana niko kwa ofisi ya mtu hapa Kisumu naingiza risiti kwa kompyuta mpaka macho yanauma, jioni wenzangu wanaenda Kondele kutazama mpira, mimi nafunga mlango nawasha koili ya mbu nafungua laptopu. Hakuna mtu huuliza aliyetazama mpira amelipwa ngapi. Lakini mimi nikisema niko na mradi wangu, kabla salamu haijaisha, "na hiyo kitu inaleta pesa?" Yawa! Kwani Gor Mahia ikifunga bao huwa mnatumiwa kitu kwa simu?

Sasa sikieni vile nilijiingiza. Mwaka 2022 mama alikuja na daftari ya chama chao, wamama 23 wanauza mitumba Kibuye, kila Jumapili kila mtu anatoa Sh500 na mmoja anabeba zote, 11,500. Daftari ilikuwa imenyeshewa kurasa zimeshikana kama chapati za jana, na watu wawili walikuwa wanagombana nani alibeba mwezi wa tatu. Nikasema kwa mdomo wangu, mama hiyo ni kazi ya wikendi moja. Wikendi moja! Hiyo wikendi bado haijaisha.

Programu yenyewe si kitu kikubwa. Inasoma meseji za M-Pesa kwa simu ya mweka hazina, inaangalia namba, inaandika nani ametoa, na Jumapili asubuhi inatuma SMS kwa ambao bado. SMS kwa sababu nusu ya hao wamama wako na mulika mwizi, zile simu ndogo za tochi, na mimi siwezi kuwaambia wanunue simu nyingine ndio mimi nijifurahishe. Ile siku ya kwanza meseji iliingia kwa simu ya mama tukiwa tumekaa jikoni, akaisoma mara tatu akiwa ameishika mbali na macho, akaniuliza, "Hii ni serikali?" Nikamwambia hapana mama ni mimi. Akasema, "Wewe uko hapa." Wacha niwaambie ukweli, mshahara wangu haujawahi kunipatia furaha kama ile. Nilienda nje nikazunguka choo mara mbili nikicheka peke yangu.

Halafu ikaanza kuanguka. Ikifika mtu wa 14 kwa orodha inakufa, ukiianzisha tena inakufa palepale kwa 14. Usiku mbili nilikaa na hiyo kitu, nikabadilisha seva, ile kompyuta ya kukodi inayoendesha programu, nikalaumu intaneti, nikafuta nikaandika upya sehemu ambayo haikuwa na makosa yoyote. Kumbe mama wa 14 jina lake liko na ng', ile ng' ya king'ong'o, na kile kialama cha juu ndicho data besi, ile ghala ya majina, inatumia kujua neno limeisha, kwa hivyo ikisoma jina lake inafikiri jina limeishia katikati na hayo mengine ni amri, inachanganyikiwa inalala. Kila mtu anayejua hii kazi anajua hutakiwi kubandika jina moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, ile lugha ya kuongea na data besi, unalipitisha kando kama parameta, hata wezi wa mtandao hupitia hapohapo. Nilijua. Nilikuwa mvivu. Na kinachoniuma zaidi mimi ni Mjaluo, jina langu la mwisho lenyewe liko na hiyo ng', lakini programu nilikuwa nimeijaribu na Juma na Asha kama kitabu cha darasa la pili.

Ya saa ndio ilinimaliza. Niliweka mahali pa kuandika saa ya kutuma, mweka hazina akaandika 2. Mswahili yeyote anajua hiyo ni saa mbili asubuhi. Kompyuta si Mswahili. Ikaona ni saa nane usiku, halafu seva yangu iko Ulaya inahesabu UTC, saa ya kimataifa, ambayo sisi tuko masaa 3 mbele, kwa hivyo saa kumi na moja alfajiri simu 23 Nyalenda na Manyatta zikalia pamoja: BADO HUJATOA 500. Na mnajua meseji ya alfajiri kwetu ni ya nini. Kuna mama alianza kulia kabla hajasoma, majirani wakatoka. Nikarekebisha, nikaongeza 6 kwa kila saa nikajiona profesa, nikasahau zile 3 za seva, Jumapili iliyofuata ikaenda saa tano, wamama wako katikati ya wateja simu ziko chini ya marobota, hakuna aliyeona na hakuna aliyetoa. Nikapigiwa simu nikaambiwa, "Mwanangu, sisi tulikuwa sawa na daftari."

Mimi hapo sikukasirika, hayo makosa ni yangu na ukweli ni kwamba hata yalinifurahisha, kuna utamu kwa kupata mdudu, yaani kosa lililojificha kwa programu, ambao hamwezi kuelewa kama hamjawahi kuutafuta siku tatu. Hasira ni ya leo mchana.

Leo nimeitwa mkutano. Mkutano wa chama, mimi ambaye si mwanachama, nimewekwa kiti cha plastiki mbele ya wamama kama kuku ameiba. Kuna mama mmoja anasema ametoa 500 wiki jana na programu inasema hajatoa, "kompyuta imekula pesa yangu". Tukaangalia. Alitoa kweli, lakini alitoa na laini ya mzee wake kwa sababu yake ilikuwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na pesa ikiingia inakatwa. Programu haijui mzee wake. Mimi niliandika mtu mmoja namba moja, kwa sababu niliikoda kitandani usiku, na kitandani usiku watu wote duniani huwa na namba moja. Sawa, kosa langu tena. Nikaomba msamaha, nikasema leo nitarekebisha kila mtu awe na namba hata tano. Mama mwenyewe akaridhika akanipa na ndizi.

Sasa kuna shangazi mwingine huko nyuma, hata hajatajwa kwa hii kesi, akasimama akarekebisha leso akauliza mbele ya watu, "Na huyu kijana kwa kila meseji anakatiwa ngapi?"

Wadau. Seva inanila dola 6 kila mwezi, hiyo ni karibu Sh800, SMS nanunua mimi kwa mafungu, tangu 2022, hawajawahi kunitumia hata bob ya bando na mimi sijawahi kuitisha. Nikaangalia mama anisemee. Mama ameangalia viatu vyake. Baadaye ameniambia aliogopa wakijua nalipa mimi watasema anajipendekeza ndio abebe wa kwanza. Siasa ya chama waachieni wenyewe mimi siielewi, lakini hiyo ndizi nilikula njia yote ya kurudi na machozi karibu.

Na si wamama peke yao. Kuna jamaa tulisoma na yeye alinipigia juzi ana aidia ya mamilioni ila hawezi kuniambia kwa simu wataiba, tukakutana nikanunua soda mimi, aidia ni "kama Uber lakini ya punda". Yeye ni 70 mimi ni 30 kwa sababu yeye ametoa aidia na mimi "nitaandika tu". Kuna binamu anataka nifungue wozap ya mkewe. Kuna mwalimu mstaafu huniletea printa. Hata mwenye nyumba, siku moja alinisikia ukutani nikisema kwa simu "kodi yangu imekubali", akaja kugonga mlango akitabasamu, mkono mbele.

Na nyinyi wa humu msijifiche. Mwaka jana niliuliza swali dogo la tarehe hapahapa, nikapata majibu 14, tisa yanasema niandike yote upya na Rust, lugha nyingine ya kukoda, moja linauliza kwa nini daftari isitoshe, na hakuna hata moja limeguza tarehe. Halafu kuna wale wa kutia moyo, hao ndio wabaya zaidi. Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki aliandika kwamba Linux, mfumo wake wa kuendesha kompyuta, ni hobi tu haitakuwa kubwa. Guido van Rossum alianza Python, lugha ya kukoda, likizo ya Krismasi 1989 akitafuta cha kumshughulisha. Hata nyumbani, Ushahidi, ile tovuti ya kuripoti vurugu za uchaguzi, iliundwa kwa siku chache tu Januari 2008 nchi ikiwaka. Najua! Zote nimezisoma. Lakini kila mkinitajia hao watu mnamaanisha mradi wangu una ruhusa ya kuwa mchezo kwa sababu siku moja unaweza kuacha kuwa mchezo. Ni yule jamaa wa "inaleta pesa" tu, amevaa miwani. Mimi sitaki kuwa Linus. Mimi nataka SMS iende saa mbili.

Na sijidai mtakatifu. Niko na folda inaitwa MIPYA ndani yake kuna miradi 19, iliyoisha ni hii moja na haijaisha. Kuna ya kuhesabu nauli ya tuktuk ilifia kwa ukurasa wa kuingia. Kuna ya bei ya omena, nayo ilifia kwa ukurasa wa kuingia. Huo ukurasa nimeuandika mara saba, kila mara mzuri kuliko mara ya mwisho, na nyuma yake hakuna nyumba, ni mlango umesimama shambani. Domeini tatu, yaani majina ya tovuti, nazilipia kila Desemba kama mtu anayelipia kaburi.

Dharura ndio hii. Kesho ni Jumapili, saa mbili meseji zinaenda, na kama sijaongeza hizo namba za pili yule mama wa laini ya mzee wake ataambiwa tena hajatoa, mbele ya shangazi. Mabadiliko niliandika kabla stima iende, sijajaribu. Asilimia 9 inatosha kuwasha, kutuma kwa seva na kuomba Mungu. Ila nimekaa hapa nasema kwa nini nifanye? Nani amenilipa? Wacha iende vibaya wajue thamani yangu.

EDITI saa nne na nusu: Nimetuma. Msiniulize. Imebaki asilimia 3.

EDITI ya pili: Wewe unayeuliza kwa nini sijaweka till namba ya michango, soma uzi tena kutoka juu, polepole. Na wewe wa Rust nimekuona.

EDITI ya tatu: Stima imerudi saa tano na robo. Mweka hazina amenipigia saa hii, ati wamama wamekaa wakaongea, wanasema pole, na wanaomba kama meseji zinaweza kuwa za Kijaluo, ameshaniandikia moja ya mfano. Nimemwambia hapana, nimechoka, atafute mtu mwingine. Lakini nimeangalia huo mfano wake, simu yake ile ng' inaiandika na kile kialama kilichopinda, si kile kilichosimama, na hicho kimoja tu kinafanya nafasi ya SMS moja itoke kwa herufi 160 ishuke 70, kwa hivyo meseji moja inahesabiwa mbili na anayelipa ni mimi. Nikikibadilisha kuwa kilichosimama kabla ya kutuma hii shida inafaa kuisha, ama kuna vingine vinajificha humo? Kuna mtu ameshapambana na hii? Jibuni haraka, saa mbili iko karibu.