Modeli ya mawimbi ya Ziwa Kivu: ADCIRC ao SWAN?

mtoto_wa_himbi
Bakubwa, jambo yenu. Niko nafanya memwari (kazi ya kumaliza chuo) hapa Goma juu ya mawimbi ya ziwa, prof akaniambia nikamate ADCIRC, modeli ya kompyuta, juu njo ile ba Marekani banatumia kwa maji ya bahari yenye kupandishwa na vimbunga. Sasa naipa upepo wa mita 15 kwa sekunde kutoka kusini, maji inapanda sentimita moja na nusu tu hapa Goma!! Na kila mutu anajua ule upepo wa kiangazi ukianza, mitumbwi inarudi mbio. Modeli iko na shida?

fizikia_bukavu
Haina shida dogo. Upepo ukisukuma maji, kupanda kwake kunagawanywa na kina, na Kivu kwa wastani ni mita 240 hivi. Chukua Okeechobee kule Florida, kina chake kama mita 3: upepo huohuo ungepandisha maji zaidi ya nusu mita, na kimbunga cha 1928 kilipolimwaga lile ziwa kwenye vijiji walikufa watu zaidi ya 2,500. Mitumbwi yetu inakimbia mawimbi, na hayo ADCIRC peke yake haiyahesabu. Kamata SWAN, modeli ya mawimbi ya watu wa chuo cha Delft kule Uholanzi, ni ya bure.

mpima_maji
Naongeza kidogo. Usiandike km 90 za ziwa zima eti njo njia ya upepo (umbali upepo unasukuma maji bila kizuizi), kisiwa cha Idjwi kinakata, mbele ya Goma unabaki na km 30 hivi. Kwa upepo wako, ukivuma masaa matatu ao ine, utapata mawimbi ya mita 1.3 yenye kufuatana kila sekunde 5, mafupi, yenye mteremko mkali, hayo njo yanajaza mtumbwi maji. Lakini kazi kubwa iko kwa upepo wenyewe!! Wengi banachukua ERA5, data ya hali ya hewa ya dunia nzima yenye kugawanywa kwa visanduku, kila kisanduku chake ni km 31, kwa hiyo ziwa na milima vinachanganywa pamoja na upepo unatoka mdogo.

mtoto_wa_himbi
Asanti sana. Basi niombe upepo wa uwanja wa ndege?

mpima_maji
Ule ni wa nchi kavu, juu ya maji unakuwa na nguvu kuliko pale. Ukiweza funga anemometa (chombo cha kupima upepo) kwa boti moja ya kwenda Bukavu, halafu linganisha na ya uwanja. Na prof umuonyeshe ile sentimita moja na nusu, usiifiche, ni sura nzima ya memwari hiyo.