Ibada inaponya kabisa jeraha la moyo, au linalala tu?

Mvuvi wa Mikindani:
Habari za jioni wakuu. Mwaka juzi chombo chetu kilipinduka wakati wa kusi, mdogo wangu akafa maji mbele ya macho yangu. Tangu hapo usingizi ukanihama. Nikisikia harufu ya petroli ya mashine ya boti, mikono inatetemeka na jasho linanitoka, hata kama niko sokoni. Sheikh wetu akanishika mkono: nyiradi, yaani dua za kila siku, baada ya alfajiri, dhikri na wenzangu kila usiku wa Ijumaa, na dua kwa marehemu. Wallahi nilipata nafuu kubwa. Nikala, nikalala, nikacheka na wanangu. Mwaka huu upepo wa kusi ulipoanza, yote yakarudi. Mjomba anasema imani yangu ina doa. Shangazi anasema nina jini la baharini, nipelekwe kwa mganga. Kuna aliyepona moja kwa moja kwa ibada, au najidanganya?

Bi Mkubwa Shangani:
Pole sana mwanangu, Mungu amrehemu mdogo wako. Nabii Yaakub alishika subira njema, na bado alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe. Imo ndani ya Sura Yusuf. Mjomba wako aisome, halafu aseme kama na Yaakub imani yake ilikuwa na doa.

Mwana wa Masasi:
Mimi niliponywa kwa maombi na ndoto mbaya hazijarudi tena. Bado hujamwachia Mungu kila kitu. Mwachie.

Mhudumu wa Lindi:
Nafurahi kwa uponyaji wako, Mwana wa Masasi, lakini hilo neno "hujamwachia" nimeona linavyoumiza watu wodini. Mtu anakuja na huzuni, anaondoka na huzuni pamoja na hatia.

Ndugu mvuvi, ubongo una sehemu inayopiga kengele ya hatari, na harufu huifikia kwa njia fupi sana. Ndiyo maana petroli inakutetemesha kabla hujawaza lolote. Siyo jini wala upungufu wa imani. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza hali hii, yaani mshtuko unaobaki baada ya tukio la kutisha (PTSD), rasmi kwenye orodha yao ya magonjwa, na tiba yake ipo.

Dhikri inakusaidia kweli. Ukitoa pumzi taratibu, mapigo ya moyo yanapungua, na kukaa na wenzako bega kwa bega kunakuondolea upweke, ambao nao unaumiza. Ila inatuliza kengele ikishalia. Kuufundisha mwili kwamba petroli ya leo siyo ya siku ile ni kazi nyingine: unazungumza na mtaalamu, unasimulia kidogo kidogo, na unayakaribia polepole yale unayoyakimbia. Asikulazimishe mtu kumwaga yote siku moja.

Kuhusu "moja kwa moja": wapo wanaopona wasipate dalili tena, na wapo wanaotoneshwa kila msimu wa tukio ukifika. Kusi ndiyo msimu wako. Kurudi kwa dalili hakufuti nafuu uliyokwisha kuipata. Fika Ligula, hospitali ya mkoa pale Mtwara, uulizie huduma ya afya ya akili. Nyiradi usiache.

Mwana wa Masasi:
Nimekuelewa, mhudumu. Hata Elia alipoomba kufa, malaika alimpa kwanza mkate na maji, akamwacha alale tena. Mkuu, nenda hospitali, nami nitakuombea.

Mvuvi wa Mikindani:
Asanteni mno. Sheikh mwenyewe kasema atanisindikiza Jumatatu. Naruhusiwa kuingia naye ndani?

Mhudumu wa Lindi:
Ukitaka awepo, sema mapema tu, mtapangwa. Ukitaka kuongea peke yako napo ni haki yako, sheikh hatachukia. Waeleze habari ya petroli na ya usingizi hivyohivyo ulivyoandika hapa. Na kama kabla ya Jumatatu likikujia wazo la kujidhuru, usisubiri: mwamshe mtu wa nyumbani, mwende hospitali usiku huohuo.